Mstari wa Bi Mwamvita

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Ndugu walimu na mafundi wa maabara, wageni mliotoka Ibra na Sur: walionizidi umri nawaamkia shikamooni, na wengine asalaam alaykum. Itifaki inanitaka nimtaje Bi Mwamvita mwisho. Mkuu ameniruhusu kuivunja. Bi Mwamvita, hafla hii ni yako.

Miaka kumi na moja umeitunza maabara yetu hapa Nizwa, na Alhamisi unarudi kwenu Tanga.

Kazi yetu mnaijua: twachapa kwa leza viroboti vidogo kuliko chembe ya mchanga, vipeleke dawa ndani ya mwili. Lakini vikishamaliza kazi, nani atakwenda kuvitoa? Ndiyo maana Dkt. Rumaitha alihangaika miaka mitatu na jelatini, apate kitu kitakachoyeyuka chenyewe bila kumdhuru mgonjwa.

Alhamisi moja mwaka jana tulivitia viroboti arubaini vya jelatini hiyo katika kisahani cha kioo chenye kifuniko, ndani ya maji yenye joto na vimeng'enya kama vya mwilini. Jumapili asubuhi nikachungulia kwa hadubini. Hamna kitu. Mtu aliyengoja miaka mitatu kitu kitoweke, kikitoweka afanye nini? Mimi niliuliza, "Nani kaosha kisahani?"

Nikamtazama Bi Mwamvita. Aliwahi kuviosha visahani vyangu kabla, kweli, lakini vile nilikuwa nimetemea kokwa za tende, mudiri mzima mimi, msimamizi wa maabara. Tangu hapo, kabla ya kuosha kisahani chochote, humuuliza Rumaitha kwanza: "Hiki cha kazi, au cha tende za mudiri?"

"Sikukiosha, Bwana Sleyum," akaniambia. "Tazama mstari."

Kila Alhamisi, bila kuagizwa na mtu, alichora kwa kalamu mstari ubavuni mwa kila kisahani pale maji yalipofikia, ajue kama yamepungua. Sikutazama. Niliandika barua ya onyo, nikaisoma mbele yenu.

Aliyetazama ni Rumaitha. Maji yalikuwa kwenye mstari. Akayapima, akaikuta jelatini yote humo, imeyeyuka. Tukapigiwa makofi, tukapigwa picha. Na barua? Imekaa failini miezi minane, naye Bi Mwamvita kila asubuhi akiniamkia na kunimiminia kahawa.

Juzi nikamuuliza kwa nini hakuomba iondolewe.

"Uliisoma mbele za watu," akasema. "Ukiitoa kimyakimya itanifaa nini?"

Basi watu ni hawa hawa. Bi Mwamvita, hukukiosha kisahani. Nilikusingizia, na kazi uliyoifanya vizuri kuliko mimi nikaigeuza kosa. Naomba radhi. Barua hii hapa, Mkuu ametia saini ya kuifuta. Njoo uichukue kwa mkono wako, na ukitaka kuichana, ichane hapa hapa.

Nanyi nyote, mlionisikiliza siku ile, asanteni kwa kunisikiliza na leo.