Kisigino Kwenye Mstari Mwekundu

Wazazi wetu, walimu, majirani na ndugu wote mliofika kutushika mkono, kabla hatujasoma miaka na tarehe, tunawaomba mjenge akilini picha ya ukumbi wa michezo wenye zulia la mraba, mita kumi na mbili kila upande, lililozungushiwa mstari mwekundu, na kwenye kona, juu ya kiti cha mbao, ameketi mama mfupi mwenye miwani, bendera ndogo magotini, hapepesi macho, naye ndiye marehemu, kwa maana hapo ndipo alipofanya kosa moja ambalo yeye mwenyewe aliagiza lisomwe leo, tena lisipunguzwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa kitindamimba wa fundi wa injini na mama mshonaji, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, sekondari kuanzia 1970 hadi 1973, kisha chuo cha ualimu alikohitimu Desemba 1975, na Januari iliyofuata akaanza kufundisha darasa la kwanza, kazi aliyoifanya miaka arobaini katika chumba kilekile cha mwisho karibu na bomba la maji, hadi alipostaafu mwaka 2016, na jioni akiwa refa wa mpira wa kikapu kwenye uwanja wa shule, jambo ambalo tunaomba mlishike, maana tutalirudia.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979 na fundi saa, baba yetu aliyeketi hapa mbele, ambaye watani wake husema ndiye mume pekee anayejua kwa sekunde mkewe ameongea muda gani, wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, na katika nyumba ile mtoto akileta trei ya chai bila kumwaga tone alipewa alama tisa nukta tatu kati ya kumi, akiuliza hizo nyingine zimekwenda wapi anaambiwa magoti yalipinda, ndipo mtaa mzima ukambandika jina la Bi Nukta, naye akaliitikia.

Mwaka 1984 alifuzu ujaji wa jimnastiki ya wanawake, na mwaka 2006 mfumo wa alama ulipobadilika, wenzake wakinung'unika kwamba kumi waliyoizoea imezikwa, yeye aliwaeleza kama alivyowaeleza watoto wake wa darasa la kwanza, kwamba msichana anapocheza sakafuni kwa muziki, kwa sekunde zisizozidi tisini, majaji wa upande mmoja huanza na kapu tupu na kulijaza ugumu wa mitindo yake, ikihesabiwa ile iliyo migumu zaidi, na wa upande wa pili huanza na kumi kamili wakichambua kasoro kama mtu achambuavyo mawe kwenye mchele, goti likipinda kidogo inatoka moja ya kumi ya alama, hatua kubwa wakati wa kutua tatu ya kumi, kuanguka nane ya kumi, kisha hesabu hizo mbili hujumlishwa, na kama jaji wa kona, anayelinda mstari, ameinua bendera kwa mguu mmoja uliovuka mstari, moja ya kumi hukatwa mwishoni.

Siku ya Jumamosi, tarehe 20 Agosti 2011, kwenye mashindano ya mchujo wa timu ya taifa, jaji wa kona aliumwa, marehemu akaombwa kushika bendera, na binti wa kinyozi, mwenye miaka kumi na minne, akaruka mizunguko miwili hewani na kutua kisigino kikiwa juu ya mstari, na mkono wa marehemu ukapanda wenyewe, kwa kuwa kwenye mpira wa kikapu anayekanyaga mstari ametoka, ilhali kwenye zulia lile mstari ni sehemu ya uwanja, hivyo kumi na moja nukta saba ikawa kumi na moja nukta sita, na nafasi pekee ya timu ya taifa ikachukuliwa na mwenzake kwa tofauti ndogo kuliko hiyo moja ya kumi iliyokatwa.

Ukumbi ulipokwisha kuwa mtupu marehemu aliinama konani, akaona alama nyeupe ya chaki ya kisigino, yote juu ya wekundu, akaenda kwa jaji mkuu kukiri, akajibiwa kwamba matokeo yamekwisha kutiwa saini na kutangazwa, na kwamba akinyamaza hakuna atakayejua, naye akasema yeye anajua tayari, na hiyo inatosha.

Kesho yake aliingia kwenye duka la kinyozi mchana kweupe, wateja wamejaa, mzee mmoja akiwa amenyolewa nusu kichwa, akaeleza yote mbele yao, na yule binti, ambaye usiku mzima alikuwa ameapa kutokanyaga zulia tena, akauliza neno moja tu:

"Kwa hiyo sikutoka, mwalimu?"

"Hukutoka, mwanangu. Niliyekosea ni mimi."

Kinyozi aliweka wembe chini akamvutia mwalimu kiti, ndipo mzee wa nusu kichwa akamkumbusha kwa upole kwamba na yeye ana safari, watu wakacheka, na Jumatatu binti akarudi mazoezini, akaingia timu ya taifa mwaka uliofuata, na leo ndiye anayewafunza majaji wa kona, na somo lake la kwanza ni kuwapigisha magoti waguse mstari kwa kidole.

Marehemu alipata kiharusi mwezi Mei 2022, akatibiwa na kupata nafuu, figo zikaanza kumsumbua mwaka jana, na akafariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia kupewa alama kila walipochoma sindano, majirani waliopokezana zamu za kumwangalia, walimu wenzake, majaji, na kinyozi aliyekuja kila Ijumaa kumpunguza nywele kitandani.

Pumzika, mwalimu, saa ya baba imesimamishwa na zulia limekunjwa. Nanyi mliobaki, siku mtakapotaka kumhesabia mtu kwamba ametoka, tunawaomba mkumbuke moja tu, inameni kwanza mtazame kisigino.