Ishirini na Nne Baada ya Maharage

Msimu wa plamu ukifika, bonde zima la mto Morava hunukia jamu. Mbele ya nyumba ya Radojko kuna benchi, na tangu asubuhi wazee watatu wamekaa hapo wakitoa kokwa za plamu, kahawa ikizunguka na maneno yakizunguka zaidi. Lakini sasa mikono yote imesimama. Wanakitazama kipimo cha sukari ya damu alichoshika Radojko.

— Ishirini na nne, alisema. Na nimekula maharage tu! Mkate hata kuunusa sijaunusa!

— Soma vizuri, labda ni mbili nukta nne, alisema Milisav, waliyemwita Waziri kwa sababu hakosi tamko.

— Ingekuwa mbili nukta nne ningeshazimia, wewe!

Tangu kiangazi Radojko anakula kwa amri ya kile kidude. Mkate mweupe ulimpandisha sukari, akauacha. Viazi navyo, akaviacha. Maharage peke yake ndiyo yaliyomtii. Leo nayo yamemgeuka, basi ale nini? Alimkumbuka kaka yake aliyekatwa mguu kwa ajili ya sukari.

— Ni maji ya kisima, alisema Waziri. Tangu wachimbe ile barabara, hayafai.

— Maji gani! alidakia Tiosav, mpika raki, ile pombe kali ya plamu, waliyemwita Mtungi. Ni hasira. Jana aligombana na shemeji yake. Hasira ni sukari tupu!

— Basi wewe ungekuwa asali, bwana, alisema Waziri.

— Haya, kama si hasira ni moshi wa sufuria! Anavuta jamu kwa pua tangu alfajiri.

— Nyamazeni! alifoka Radojko. Mimi nakufa, nyie mnabishana!

— Kidole ulikipaka raki? aliuliza Mtungi.

— Nilikipaka. Mara mbili.

— Basi usafi si tatizo.

Daktari alikuwa amemwambia sukari ikipita kumi na tano aongeze insulini. Radojko alivuta kwenye sindano dozi ambayo hajawahi kujidunga, akafunua shati.

Hapo ndipo Savka, mkwe mpya wa Waziri aliyekuja kusaidia kupika jamu, alipotoka ndani na birika la kahawa.

— Mbona kimya hivi?

— Ishirini na nne, alinong'ona Waziri.

Savka aliitazama mikono ya Radojko. Ilikuwa ya zambarau hadi vifundoni, inanata kwa maji ya plamu.

— Mzee Radojko, ulinawa kabla ya kupima?

Mtungi aliinamia plamu zake.

— Raki nilipaka, mwanangu...

— Nauliza maji na sabuni.

Alimletea beseni. Radojko akanawa, akajifuta, akatoboa kidole kingine. Wote wakakiinamia kipimo.

Tano nukta tatu.

Sindano ilikuwa bado imejaa. Radojko aliiweka mwisho wa benchi, akakaa.

— Ningeshajidunga, alisema. Jamani, ningeshajidunga, nisingeamka!

Mtungi, ambaye hajawahi kupimwa sukari maishani, alinyoosha mikono yake juu ya beseni.

— Nimwagie na mimi, mwanangu.