Verna Tollefson na Treni ya Kwenda Nordby

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Verna alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 hapa Skarland, Dakota Kaskazini, binti wa mzee Nels na mama Inga Haugland, akasoma papa hapa hadi kuhitimu sekondari mwaka 1956, na tarehe 20 Juni 1959 akafunga ndoa katika kanisa hili na Orlin Tollefson, mkulima wa ngano, wakajaliwa watoto wawili, Darrell na Joyce.

Kazi yake kubwa ilianza Aprili 1984, kampuni ya reli ilipotangaza kung'oa tawi letu la reli ya kwenda Nordby, naye akambembeleza Orlin mpaka wakauza nusu ya shamba na kulinunua tawi hilo, ofisi ikawa meza ya jikoni, redio ya kuongozea treni ikakaa juu ya friji. Tusifiche, maana mwenyewe hakuficha: kichwa cha treni alichonunua kilikuwa kizito mno kwa daraja la kijito cha Badger, na Orlin akamwambia mbele za watu, "Mama Darrell, umenunua fahali hata mlango wa zizi hujaupima!" Verna alicheka mpaka machozi, kisha akaamuru mabehewa matupu yatangulie darajani, kichwa kibaki nyuma kikisukuma bila kulikanyaga daraja, hadi yaifikie ngano ya Nordby, kituo cha mwisho ng'ambo ya kijito, wanakoishi familia saba, na ikawa hivyo miaka minne, mpaka daraja likaimarishwa. Reli iliyoanza na maili kumi na tisa leo ina maili themanini, na hakuna mfanyakazi wake ambaye hajala mikate ya mdalasini ya Verna.

Moyo ulianza kumsumbua Februari mwaka huu, 2018, na ndipo wanunuzi walipokuja, wakitaka reli yote isipokuwa kipande cha Nordby, ambacho kingebaki bila treni, Darrell akataka kuuza, Joyce akakataa, wakawa hawasemezani. Mama aliwaita kitandani akauliza tu, "Wa Nordby mmeshawaambia?" Alifariki tarehe 9 Oktoba, wanawe wakimshika mikono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuvunia ngano bila kuombwa, na wafanyakazi wote wa reli. Darrell na Joyce, waliokaa pamoja hapo mbele, wanaomba mtangaziwe kwamba wanunuzi wamekataliwa. Watu wa Nordby, Jumatatu treni inakuja kwenu.

Pumzika kwa amani, Mama, wameshaambiwa.