Wahome Ameisoma Hataza

MBINYA: Haloo! Nani huyo tena?

WAHOME: Sasa, Mbinya! Ni mimi, Wahome. Niko kwa kibanda cha simu hapa Shauri Moyo, watu wamepanga foleni nyuma yangu, kwa hivyo—

MBINYA: Kwa hivyo sema haraka.

WAHOME: Ni ile programu yetu ya bure, ya kubana picha ziwe ndogo. Si kuna kampuni ya Marekani inasema njia tunayotumia ni yao, wana hataza, ile hati ya kumiliki uvumbuzi?

MBINYA: Najua. Ndiyo maana tunatafuta njia mpya. Ehe?

WAHOME: Nimeisoma hiyo hataza!

MBINYA: Umefanya nini?

WAHOME: Yote! Na kamusi mkononi—

MBINYA: Wee! Si tulikubaliana wakili ndiye asome, sisi waandishi wa programu tusiitie hata jicho? Ukishaisoma, ukigusa kitu chao, kortini wanasema ulikusudia. Fidia mara tatu!

WAHOME: Lakini adui lazima umju—

MBINYA: Adui wako ni hicho kichwa. Unakibebea nini, kofia? Haya, kaa kando. Mwenzetu Wekulo ataandika hiyo njia mpya.

WAHOME: Wekulo... [anakohoa] nilimtumia nakala.

MBINYA: Lydiah, basi.

WAHOME: Niliwatumia wote. Barua pepe. Na muhtasari juu.

MBINYA: Na muhtasari! Umewapakulia sumu ukawawekea na kachumbari!

WAHOME: [laini inakwaruza] —nilitaka kusaidia tu, Mbinya.

MBINYA: Ulitaka kuonekana msomi! Bila njia mpya, mwisho wa mwezi programu inaondolewa kwa mtandao. Na baba yangu pale Pumwani, na wachonga vinyago wenzake, watawatumiaje wanunuzi picha? Picha isiyobanwa inakatika njiani kila siku. Wazee wale walale njaa juu yako?

WAHOME: Usinikaange hivyo. Kwani wewe ulipoisoma uliona ni ngumu?

MBINYA: Nisome nini?

WAHOME: Hata wewe nilikutumia. Wiki jana.

MBINYA: Modemu yangu ya mtandao iliungua siku ile stima ilirudi kwa nguvu. Sijafungua barua hata moja.

WAHOME: Ai! Kwa hivyo hujui lolote?

MBINYA: Lolote.

[laini inakwaruza]

WAHOME: Mbinya... ni wewe tu umebaki.

MBINYA: Naona hivyo. Mungu wangu, nimeokolewa na modemu mbovu.

WAHOME: Utaiandika?

MBINYA: Nitaiandika. Naanza leo.

WAHOME: Poa sana! Ngoja basi, nina sarafu moja hapa, nikueleze upesi ndiyo usije ukakanyaga njia yao. Wao kwanza wanachukua—

MBINYA: Wahome, funga huo mdomo!

WAHOME: Ni kidogo tu, wanachu—

MBINYA: Kwaheri! Na usikanyage hapa kwangu Mbotela mpaka nimalize!

WAHOME: Haloo? Mbinya? Haloo? ... Si basi nitampelekea nakala nyumbani.