Pumzi Ndefu ya Josephat, Fundi wa Nyakato

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mlioacha pikipiki zikinguruma pale nje, tunayemsindikiza leo ni Josephat Masele Mihayo. Alizaliwa Kayenze, kando ya ziwa, tarehe 14 Machi 1984, alfajiri, ukungu ukiwa umelala juu ya maji kama maziwa yaliyoganda. Bibi yake Sabina, aliyempokea kwa mikono yake, alisema mtoto hakulia. Alinguruma. Mtumbwi wa injini uliokuwa ukipita ulisimama, mwenyewe akidhani kuna mwenzake anamwitikia kutoka nchi kavu. Asiyeamini akaulize. Mwenye mtumbwi alishakufa, lakini ziwa lipo.

Wazazi wake, Mihayo na Dorcas, walitangulia mbele ya haki akiwa bado mdogo, akalelewa na bibi. Alisoma Shule ya Msingi Kayenze kuanzia 1992 hadi 1998. Katika hesabu alizipenda zile za pipa na debe, kipi kinaingiza maji mengi kuliko kingine. Mengine aliyaacha yapite juu kama ndege. Mwalimu akimwita, alimkuta ametazama dirishani na tabasamu la mtu anayeota macho wazi. Baadaye alijifunza umakanika mjini Mwanza, akamaliza mwaka 2002.

Alifanya kazi katika gereji za watu huko Nyakato, na mwaka 2009 akafungua yake. Alitengeneza malori, bajaji, hata mashine za kusaga. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa kwenye Korola moja kuukuu yenye rangi ya udongo, na kwenye zile mbio za magari mawili yanayoondoka sambamba juu ya lami iliyonyooka, wa kwanza kufika mwisho ndiye mshindi. Korola ilikuwa na injini yenye ujazo wa cc 1,600, na kila mara ilibaki ikitazama taa za nyuma za Muganyizi, kijana wa Bukoba, rafiki yake na mpinzani wake.

"Josephat, nikusubiri au nikutumie nauli?" Muganyizi alikuwa akimuuliza.

Josephat alicheka, akarudi gereji. Alisema aliota injini ikimlalamikia kwamba kifua kinambana. Basi akazitanua silinda, akaweka pistoni pana, na krenki inayozipa pistoni mwendo mrefu zaidi, mpaka injini ikakaribia cc 2,000. Mwanzoni ilikohoa na kuzimika, maana kifua kilikuwa kikubwa lakini pua ilikuwa ileile: kabureta ya zamani, ekzosi ya zamani. Alipobadilisha hivyo navyo, gari likaondoka. Bibi yake, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele na kikombe cha chai, aliipuliza Nyakato akainywa Usagara, nje ya mji, ikiwa bado ya moto. Kivuli chao kiliwafikia baadaye, kikihema.

Tarehe 12 Julai 2014 Josephat na Muganyizi, pamoja na mashabiki wao, walivuka kwa kivuko kutoka Kigongo hadi Busisi, wakaenda kwenye uwanja mdogo wa ndege ulioachwa upande wa Geita. Jua lilikuwa likitetemesha lami mpaka ikaonekana kama maji, na magari yakaonekana kama yanaelea. Kabla ya kuondoka, Josephat alishuka na kibuyu, akaimwagia rejeta maji ya ziwa ili injini isichemke. Alipenda kibuyu kwa sababu hutunza ubaridi kuliko dumu la plastiki. Hapo ndipo alipokosea. Sisi Wasukuma tunajua Wagika na Wagalu, yale makundi yetu mawili ya wachezaji, wakishindana ngoma, kila upande huja na mganga wake, na mganga huja na kibuyu chake. Korola ilimwacha Muganyizi pale pale mwanzoni, na mashabiki wa Josephat wenyewe, kwa furaha, wakaanza kuimba kwamba mtu wao ana dawa.

"Hiyo si dawa, hiyo ni cc," alisema Muganyizi. Hakuna aliyemsikiliza.

Wimbo ukafika mjini kabla ya gari. Ukamfikia Mzee Maige, katekista, baba yake Bernadeta, msichana ambaye Josephat alitaka kumwoa, wakati mazungumzo ya posa yamekaribia. Mzee akatuma neno: binti yake haendi kwenye nyumba yenye kibuyu. Josephat hakula. Jumapili baada ya misa alipeleka Korola uani kwa Mzee Maige, akatandika turubai, akaifungua injini yote mbele ya watu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mimi bado si baba yako. Dawa iko wapi?"

Josephat akamkabidhi pistoni ya zamani mkono huu, na mpya mkono ule. "Mzee, hii ndiyo niliyotoa, na hii ndiyo niliyoweka. Ikishuka inavuta hewa nyingi na petroli nyingi, ikiwaka inasukuma zaidi. Hakuna kingine."

Mzee Maige akaingiza vidole ndani ya silinda, akapapasa kama anayetafuta yai kwenye kiota. Akatoka na oili tupu. Kisha akakichukua kibuyu, akanusa, akanywa yote yaliyokuwamo.

"Maige, ukianza kuota manyoya tutakuambia," Bibi Sabina akasema.

"Ni maji," mzee akajibu, akijifuta ndevu. "Yana ladha ya dagaa."

Bernadeta, pale mlangoni, ndiye aliyecheka kwanza. Walifunga ndoa tarehe 22 Novemba 2014, wakajaliwa watoto wawili.

Mwaka 2023 Josephat alianza kuchoka na kuvimba miguu. Hospitalini aliambiwa moyo wake umetanuka.

"Si ndiyo vizuri, daktari?" aliuliza.

Daktari akamweleza kwamba moyo ukitanuka hulegea, ukasukuma damu kidogo. "Kumbe yule Fundi mwingine ana vipimo vyake," Josephat akasema.

Mwezi Agosti mwaka huu, 2025, Bernadeta alimvusha kwa gari juu ya daraja la Kigongo na Busisi. Josephat alilaza kichwa dirishani, akasema ziwa limesimama, wao ndio wanaotiririka. Alifariki Kayenze kwa bibi yake, asubuhi ya Jumapili tarehe 14 Septemba 2025, amelala, bila kishindo.

Tangu siku hiyo maneno yameamka upya: eti dawa imemgeukia, eti mjane anajua kilipo kibuyu. Jana jioni Mzee Maige alisimama katikati ya waombolezaji. "Maji yale niliyanywa mimi," alisema. "Kama ni dawa, mngenizika mimi kwanza. Mwenye neno aje nalo kwangu, mwanangu mwacheni alie."

Marehemu ameacha mjane, Bernadeta; watoto, Winnie na Yakobo; bibi yake, Sabina; na rafiki yake Muganyizi, aliyetoka Bukoba akapitiliza moja kwa moja kwenda kuchimba kaburi. Palipoandikwa wakwe pamefutwa. Mzee Maige amekataa kuwekwa hapo, akasema yeye awekwe kwenye mstari wa wazazi ambao ulikuwa mtupu. Basi imeandikwa hivi: baba wa marehemu, Maige.

Mungu amkunjulie kifua, avute pumzi apendavyo. Apumzike kwa amani, mtoto wa Kayenze.