Bwana Mwakani Anastaafu Mwaka Huu

Leo, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, Mkuu wa Kitengo cha Elimu na Jamii wa kampuni yetu ya maigizo anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na saba. Ni miaka ishirini na saba mfululizo, bila barua ya onyo, bila ugonjwa wa kutajika, na bila kuchoka hata siku moja. Tunaofanya kazi naye tunajua kwa nini hakuchoka.

Mkurugenzi alipokuja chumba cha maleba kuniomba niandike wasifu huu, nilikuwa na pini sita mdomoni, kwa hiyo hakunisikia nikikataa. Alisema mimi ndiye ninayemfahamu mstaafu tangu utotoni. Akanipa masharti matatu: wasifu uwe mchangamfu, usiwe mrefu, na uwe na ile picha. Uchangamfu nitajitahidi. Urefu tutaona. Picha sikuiweka, na ndiyo maana jalada la programu mliyoshika lina mraba mtupu.

Mstaafu wetu ana majina mawili. La kwanza mmelisoma kwenye kadi za mwaliko. La pili ndilo tunalomwita huku nyuma, sisi washonaji, maseremala na mafundi taa, na yeye atakuwa analiona kwa mara ya kwanza hapa: Bwana Mwakani. Hakuna aliyemtungia kwa chuki. Alijibatiza mwenyewe. Kina mama wauza mboga walipoomba kufundishwa igizo lao, aliwaambia mwakani. Wazee wa kituo cha jirani walipoomba onyesho la mchana, maana jioni macho yao hayaoni njia, aliwaambia mwakani. Seremala alipomwambia kuwa mlango wa pembeni unahitaji mteremko ili kiti cha magurudumu kipite, alimshika bega, akamsifu kwa kuwa na moyo wa utu, akamwambia mwakani, panapo majaliwa. Seremala aliujenga mwenyewe kwa mbao za jukwaa lililobomolewa. Ripoti ya mwaka huo ikasema Kitengo kimejenga.

Lakini sitaki kusema uongo, hata wa kumponda. Mwaka wake wa kwanza kazini mtu huyu alifanya kazi. Alikuja shuleni kwetu, dakika kumi kwa miguu kutoka mlango huu, akakaa na darasa letu wiki tatu nzima. Tulikuwa watoto arobaini na mmoja, na mimi nilikuwa na miaka tisa. Hakupiga meza wala kutishia mtu. Akitaka tunyamaze alishusha sauti, na sisi tulinyamaza ili tusikie anachosema. Alitufundisha kuvuta pumzi kutoka tumboni. Alisema mwigizaji hapigi kelele, anapeleka sauti kiti cha mwisho. Sikuwa nimewahi kukiona hicho kiti cha mwisho, lakini kila usiku nilikuwa nakipelekea sauti kutoka kitandani mpaka dada yangu akanitishia mto. Alikuwa mwalimu mzuri kupita wote niliowahi kupata, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Asiyejua kupika akikulaza njaa, unamwonea huruma.

Igizo letu lilihusu foleni ya hospitali. Wengine walikuwa wagonjwa, wengine ndugu wa wagonjwa, mmoja alikuwa daktari asiyeonekana. Mimi nilikuwa nesi. Nilikuwa na mstari mmoja tu: “Anayefuata aingie!” Igizo tulilitayarisha tulionyeshe kwenye jukwaa hili, siku moja, saa nne asubuhi.

Siku hiyo tulifika saa tatu na nusu. Ukumbi ulikuwa umechukuliwa na waigizaji wakubwa, mazoezi yao yamechelewa. Tukaambiwa tusubiri uani. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na yetu yaliumia kweli, kwa sababu tulikuwa tumeagizwa tusile sana kabla ya kuigiza. Saa nane Bwana Mwakani alitoka na pakiti za biskuti na mpiga picha. Mpiga picha akatupanga ukutani na kofia zetu za karatasi, akatuambia tuchangamke. Wenzangu wakacheka. Mimi nikaona kama hii ndiyo nafasi iliyopo basi niitumie, nikavuta pumzi kutoka tumboni nikasema mstari wangu. Picha ikapigwa. Bwana Mwakani akatushukuru mmoja mmoja kwa mkono, akatuambia, “Jamani, wanangu, msihuzunike. Mwakani!” Nadhani siku ile alimaanisha.

Hiyo ndiyo ile picha. Wa tatu kutoka kushoto, mdomo wazi, ni mimi.

Mwaka uliofuata picha ilichapwa kwenye ripoti, na watu wakaipenda. Wafadhili waliguswa na yule mtoto anayecheka kwa furaha ya sanaa. Hapo ndipo mwenzetu alipogundua jambo lililobadilisha maisha yake: picha ikifanya kazi, mtu anaweza kupumzika. Ripoti ishirini na sita zimetoka na picha hiyo. Mwaka mmoja tulikuwa yatima, mwaka mwingine tulikuwa vijana tunaotunza mazingira, mwaka mwingine wasichana tu, wavulana wakiwa wamekatwa kwa mkasi. Kuna mwaka tuligeuzwa ili tuonekane watoto wengine, nikajikuta wa tatu kutoka kulia. Idadi nayo haikulala. Tulianza arobaini na mmoja, tukawa mia nne na kumi, tukafika elfu nne na mia moja. Tuliongezeka bila kuzaa. Ukiwajumlisha watoto wa ripoti zote, Kitengo kimewafikia watoto wengi kuliko waliopo.

Nilipoajiriwa hapa kushona, miaka kumi na mitano iliyopita, niliikuta picha imetundikwa mapokezi. Nikaenda ofisini kwake kumwambia kuwa yule ni mimi, na kwamba sikuwa nacheka. Alifurahi kikweli. Alinikumbatia, akaagiza soda, akanisimulia siku ile kwa uzuri hata mimi nikatamani ningekuwepo. Ripoti iliyofuata ilikuwa na sentensi mpya: mmoja wa wanufaika wa Kitengo sasa ni mwajiriwa wetu.

Wasifu hauwezi kukamilika bila kutaja ustadi wake wa kutia sahihi. Wote mmeuona. Unampelekea rundo la karatasi, yeye haachi kuzungumza. Anainua pembe za chini tu, moja baada ya nyingine, kalamu inateleza, hadithi inaendelea, na hadithi zake ni tamu, hilo tumpe. Ndivyo alivyoidhinisha mikia arobaini ya punda badala ya minne. Niliishona yote. Thelathini na sita bado iko stoo, anayehitaji aje. Ndivyo pia alivyotia sahihi fomu ya kukataa likizo yake mwenyewe, kisha akaja kulalamika kwa mhasibu kwamba kuna mtu anamwonea. Rasimu ya wasifu huu nayo ilipelekwa kwake aipitie. Ilirudi mchana uleule, sahihi yake ikiwa chini ya ukurasa wa mwisho, pamoja na neno “Safi!”

Mwezi uliopita nilitumwa kupakia vitu vya ofisi yake. Nilikuta vikombe vya heshima vinane, mwavuli wa seremala, na faili jembamba lililoandikwa “Yanayosubiri”. Ndani yake kulikuwa na barua ishirini na sita kutoka shule ileile. Zote zimefunguliwa, zimetobolewa matundu mawili kwa usafi, zimepangwa kwa tarehe. Walimu wakuu watatu wamepokezana kuziandika. Ya kwanza inaomba wiki tatu kama za mwanzo. Baadaye wanaomba siku moja. Kisha wanaomba saa moja. Ya mwaka huu ina mistari miwili: “Mkuu, kama kuigiza haiwezekani, tunaomba watoto waingie tu, wauone ukumbi, watoke. Hawatagusa kitu.”

Nilikaa sakafuni na lile faili, na nitasema wazi kwamba nililia kwa hasira. Mtu aliyesoma barua ishirini na sita na kuzipanga vizuri hivyo hawezi kusema hakujua.

Sasa mjue na jambo lililo mbele yetu, maana kwenye kadi halikuandikwa. Bodi inakutana Jumatatu kukifunga Kitengo cha Elimu na Jamii. Sababu iliyotolewa ni kwamba malengo yamefikiwa. Ushahidi ni ripoti ishirini na sita. Sikuwa nimewahi kuona uvivu wa mtu mmoja ukisifiwa mpaka ukaua kazi yenyewe, lakini ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Kwa hiyo namshukuru mstaafu kwa tendo lake la mwisho ofisini, na hapa shukrani yangu haina mzaha. Wiki tatu zilizopita aliijibu shule. Barua ni fupi. Inamwalika Mwalimu Mkuu alete watoto wake waigize jukwaani leo hii, mbele ya wajumbe wote wa Bodi. Niliichapa mimi, nikaiweka ya nne kutoka juu, kati ya fomu ya likizo na orodha ya balbu. Yeye akaitia sahihi akisimulia habari za goti lake. Mwalimu Mkuu aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma mara tatu, akaniuliza, “Hii ni ya mwaka huu kweli, dada yangu?” Nikamwonyesha tarehe.

Tangu siku ile nimekuwa nikienda shuleni kila alasiri. Sina kipaji cha Bwana Mwakani. Niliwafundisha nilichokumbuka: pumzi kutoka tumboni, sauti kiti cha mwisho. Wako arobaini na watatu. Igizo ni lilelile la foleni ya hospitali. Nafasi ya nesi waliitaka wao, nikakataa. Ni yangu, na sioni haya. Msichana mmoja wa darasa la tatu ameninunia siku mbili kwa sababu hiyo. Nimemwahidi kuwa onyesho la pili nesi atakuwa yeye, na tarehe nimempa: ni mwezi ujao. Wajumbe wa Bodi, ahadi hiyo sasa iko mikononi mwenu, na yule msichana si wa kuambiwa mwakani. Mtamjua kwa kununa.

Shemeji yetu, mke wa mstaafu, uliyekaa safu ya pili, utuwie radhi. Tunajua nyumbani ni mume mwema, na seremala anasema mwavuli mnaweza kubaki nao. Na wewe, mwalimu wangu, tunakushukuru kwa wiki tatu. Kwa hii miaka mingine tunakusamehe kadiri tutakavyoweza, taratibu, kama ulivyotuzoesha. Nenda salama, goti lipone, wajukuu wakusikilize ukishusha sauti. Maisha yako ya kustaafu yawe mema, na yaanze leo.

Wageni waalikwa, mkimaliza kusoma tafadhali ondoeni miguu na mikoba njiani. Foleni itaanzia mlango wa nyuma, pale kwenye kiti cha mwisho, itapita katikati yenu mpaka jukwaani. Watoto wameingojea nje uani tangu saa tatu na nusu. Wamekula. Mpiga picha awe tayari, jalada lina mraba mtupu. Taa zikiwaka mtamwona nesi mzima wa miaka thelathini na sita, amevaa kofia ya karatasi, akivuta pumzi kutoka tumboni.

Anayefuata aingie!

Hotuba ya mstaafu itafuata baada ya igizo, muda ukiruhusu. Usiporuhusu, mwakani.