Dada Yetu Aliyekausha Nyumba ya Mama

Dada yetu mkubwa, tuliyemwita Fundi Chokaa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba mwashi na mama mshonaji, katika nyumba ya mawe mliyoipita asubuhi hii mkija hapa.

Baada ya shule ya msingi, mwaka 1974 alijiunga na chuo cha ufundi, msichana pekee katika darasa la uashi. Wiki ya kwanza wenzake walimcheka. Wiki ya pili walimwomba awanyooshee kuta zao.

Mwaka 1979 aliolewa na seremala. Kama zawadi kwa wakwe, alipiga plasta ya saruji nyumba yao nzima ya mawe, ikapendeza kweli. Misimu miwili ya mvua baadaye ukungu ulikuwa umefika usawa wa madirisha, maana saruji ilifungia maji ndani ya mawe. Wakwe wakalaumu mvua. Yeye akamwambia mama mkwe, "Mvua haina kosa, mama. Nimeharibu mimi." Akaibandua yote kwa tindo na nyundo, akiwa mjamzito wa miezi sita, akapaka chokaa, inayoyaacha mawe yapumue. Tangu hapo kila mwenye nyumba ya zamani alimtafuta, na hakuwahi kumficha mteja kwamba alijifunza kwa kosa lake.

Mwaka 2019 kuta za nyumba ya mama, ile alimozaliwa dada, zilianza kumeguka kwa unyevu. Sisi wadogo zake watatu tukaamua ibomolewe, mama ahamie kwangu. Mama akasema atatoka humo akiwa amebebwa. Mimi ninayesoma hapa ndiye niliyemleta mtu wa kubomoa. Dada alimkuta mlangoni.

"Kaka, pole na safari. Rudi salama."

Kisha akanigeukia. "Na wewe nipe miaka miwili. Ukuta haukauki kwa hasira zako."

Alichimba mtaro nje, akaondoa udongo uliorundikana juu kupita usawa wa sakafu, akabandua plasta ya zamani ya saruji, akayaacha mawe wazi miezi kumi na minne kabla ya kugusa chokaa. Nilimwita mkaidi mbele ya wanawe. Naona aibu mpaka leo.

Agosti 2021 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alimalizia kazi akiwa ameketi kitini, akimfokea binti yake aliyeshika mwiko. Mwishoni akaomba alazwe kwa mama. Siku moja akanishika mkono, akaubandika ukutani.

"Unasikiaje?"

"Pakavu."

"Sema tena."

Nikasema tena. Alicheka mpaka akakohoa. Alifariki Jumatatu, tarehe 6 Februari 2023, saa kumi jioni, mama akiwa kando yake. Nashukuru alinishinda akiwa hai.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, sisi wadogo zake watatu, na mama yetu, mwenye miaka tisini na mmoja, ambaye tukitoka makaburini anarudi kulala nyumbani kwake.

Dada, kazi umeimaliza. Pumzika kwa amani.